Kufunga Mlango Si Uchoyo

Kila nyumba ina mlango, na kila mlango una mwenyewe. Mwenyewe huufungua asubuhi kwa kuwa anataka nuru na wageni, na huufunga usiku kwa kuwa anataka usingizi na salama. Hakuna mtu mwenye akili timamu amwitaye jirani yake mchoyo kwa sababu amefunga mlango usiku, wala amsifuye kwa ukarimu kwa sababu ameuacha wazi akaenda safari. Wa kwanza twasema ana busara. Wa pili twasema amejisahau. Jambo hili ni wazi kwa milango ya mbao. Ajabu ni kuwa tukiingia ofisini, mahali palipojaa kompyuta, hukumu yetu hugeuka juu chini. Aliyeacha kila kitu wazi huitwa mtu wa watu, na anayetaka kufunga huitwa mkorofi.

Nimeandika insha hii ili kuipinga hukumu hiyo. Nasema, bila kuuma maneno, ya kuwa ofisi isiyosimamia yale ambayo kompyuta zake huonyeshana ndani ya mtandao ni ofisi iliyovunja amana. Tena nasema ya kuwa wewe, msomaji, ambaye leo u mwanafunzi na kesho utakuwa karani, mwalimu, muuguzi au mhasibu, huna ruhusa ya kusema kuwa jambo hili halikuhusu.

Kwanza tuelewane juu ya jambo lenyewe. Neno letu ni kuvinjari. Ni neno la kale la pwani. Chombo huvinjari kinapopita huku na huko baharini kikitazama yaliyopo, na mlinzi huvinjari anapouzunguka mji. Siku hizi watu wengi wakilisikia hufikiri kurasa za intaneti tu. Lakini kuna kuvinjari kwa aina nyingine, nako ni kuvinjari kwa ndani. Karani aketi mbele ya kompyuta yake, afungua dirisha la mtandao, aona majina ya kompyuta nyingine za jengo lile, na ndani ya kila moja aona makabati ambayo wenyewe wameyaacha wazi kwa watu wote. Hahitaji intaneti kuyaona hayo. Waya wa ofisi watosha.

Orodha ile ya majina haikushuka kutoka mbinguni. Tangu mwaka 1992, Microsoft ilipotoa Windows for Workgroups, kompyuta za ofisi zilipewa huduma ya kuitengeneza, na kwa miaka mingi huduma hiyo ilifanya kazi yake kwa namna inayochekesha na kufundisha pia. Kila kompyuta iliyokuwa tayari kugawa vitu vyake ilipaza sauti katika waya: mimi nipo, jina langu ni fulani. Mara ilipowashwa ilirudia tangazo hilo upesi upesi, kisha ikatulia ikawa inatangaza kila baada ya dakika 12. Kompyuta moja katika kikundi ilikuwa mtunza orodha. Nani aliyemchagua mtunza orodha huyo? Kompyuta zenyewe! Zilifanya uchaguzi. Seva ilishinda kompyuta ya kawaida. Yenye programu mpya ilishinda yenye programu kuukuu. Zikilingana, iliyokaa muda mrefu zaidi bila kuzimwa ilishinda. Na zikilingana tena, ilishinda ile ambayo jina lake lilitangulia kwa alfabeti. Mtunza orodha akizimika, uchaguzi uliitishwa upya.

Si hayo tu. Kompyuta iliyozimika ghafla, mathalani kwa kupotea umeme, jambo ambalo si geni kwetu, haikufutwa katika orodha mara moja. Ilingojwa mpaka ikose kutangaza mara tatu, yaani dakika 36, na kwa kuwa wasaidizi wa mtunza orodha walichukua nakala mpya kila dakika 15, jina la marehemu liliweza kuendelea kuonekana hata kwa dakika 51. Tafakari basi: uchaguzi usio na mpiga kura wa kibinadamu, orodha yenye majina ya wasiokuwapo, na matangazo yanayopigwa usiku na mchana bila ya mtu kuyaagiza. Lau baraza la kijiji lingeendeshwa kwa namna hiyo, watu wazima wangesimama wapinge. Ofisini tulinyamaza, kwa sababu mambo hayo yalitendeka ndani ya sanduku.

Sitaki nikudanganye, msomaji. Orodha peke yake haifungui kabati la mtu. Kibao cha njiani hakiibi kitu. Chaonyesha tu nyumba iliko. Hatari huja wakati kibao kinapoelekeza kwenye nyumba ambayo mlango wake u wazi. Na katika ofisi nyingi milango hiyo huwa wazi, kwa sababu siku moja mtu alitaka kumpa mwenziwe barua moja, akaliweka folda lake zima liwe la watu wote, barua ikachukuliwa, na folda likasahauliwa likiwa wazi kwa miaka.

Yaliyonifanya niandike kwa ukali si maneno ya vitabuni. Miaka kadhaa iliyopita nilifundisha katika chuo kimoja ambacho sitakitaja jina. Kompyuta za ofisi na zile za chumba cha wanafunzi zilikuwa katika mtandao mmoja, bila ukuta wowote kati yake. Jioni moja mwanafunzi aliyekuwa akiandika andalio lake la somo alifungua dirisha la mtandao, akitafuta mashine ya kuchapa. Badala ya mashine ya kuchapa aliona jina la kompyuta ya ofisi ya fedha. Akaigusa. Ikafunguka. Ndani mlikuwa na folda la barua za wanafunzi walioomba msaada wa karo, na katika kila barua mwombaji alieleza kwa nini hana: huyu baba alifariki, yule mama ni mgonjwa wa muda mrefu, wa tatu alilelewa na watu wasio jamaa zake.

Kabla ya chakula cha usiku, barua zile zilikuwa zimekwisha kusomwa katika simu kumi, ishirini, thelathini. Katika bwalo, kijana mmoja mpumbavu alizisoma sehemu zake kwa sauti, na wengine wakacheka. Msichana mmoja, ambaye barua yake ilieleza maradhi ya mamaye, aliweka sahani yake chini akatoka. Asubuhi hakuwa darasani. Alirudi chuoni muhula uliofuata, baada ya walimu wawili kwenda kwao kumbembeleza, lakini hakurudi yule yule. Aliniambia neno moja tu: "Mwalimu, barua ile niliiandika kwa mtu mmoja."

Palifanyika uchunguzi. Ikatafutwa nywila iliyoibwa, haikuonekana, kwa kuwa hakuna iliyoibwa. Akatafutwa mvunjaji wa mlango, hakupatikana, kwa kuwa hakuna mlango uliovunjwa. Yule kijana aliyesoma kwa sauti aliadhibiwa, na alistahili. Lakini watu wazima walioziacha barua zile wazi hawakuulizwa hata swali moja, na mimi ni mmoja wao, kwa maana niliwahi kuliona folda lile mwenyewe, nikasema moyoni kwamba si kazi yangu. Ndiyo sababu sitaki wewe uyaseme maneno hayo.

Sasa na tuzikabili hoja za wapinzani wetu, moja baada ya moja, kwa kuwa si watu wabaya na hoja zao zasikika kila siku.

Wa kwanza husema, "Sisi hatuna cha kuficha." Maneno haya yana sauti ya unyofu, lakini yana kasoro kubwa: msemaji anatoa kitu kisicho chake. Karani wa hospitali hana cha kuficha, vema; lakini je, mgonjwa? Mhasibu wa shule hana cha kuficha. Je, mzazi aliyeandika kuwa hana karo? Vilivyomo ndani ya kompyuta za ofisi, kwa sehemu kubwa, si vya ofisi. Ni amana za watu ambao hawapo chumbani kujitetea. Mtu aweza kuwa karimu kwa mali yake. Akiwa karimu kwa mali ya mwingine, hilo lina jina jingine.

Hapa Eldoret tunajua uzito wa amana hizo kuliko miji mingi. Mwezi wa Februari 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, kisicho mbali na mji wetu, ulianzishwa mfumo wa kuweka kumbukumbu za wagonjwa kwa kompyuta. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani viliungana kuanzisha mpango wa AMPATH wa kuwahudumia watu wenye virusi vya UKIMWI. Kutokana na kazi hiyo ilizaliwa programu ya OpenMRS, iliyoanza kutumika hapa mwaka 2006, na ambayo leo hutumiwa katika nchi nyingi za dunia. Ni fahari yetu, na tuna haki kujivunia. Lakini fahari hiyo ina sharti lake. Mgonjwa alikubali ugonjwa wake uandikwe katika mashine kwa kuwa aliamini ya kuwa mashine hiyo ina mwenyewe anayeilinda. Imani hiyo ikivunjika mahali pamoja, mgonjwa wa mahali pengine hukaa nyumbani na maradhi yake. Huyo ndiye anayelipa gharama ya maneno "hatuna cha kuficha."

Wa pili husema, "Hiyo ni kazi ya fundi." Ni kweli kwamba fundi ndiye ajuaye mahali pa kubonyeza. Lakini fundi hajui kwamba folda lile lina barua za mayatima. Ajuaye ni aliyelifungua. Fundi hajui kuwa karani fulani alihamishwa mwezi uliopita na bado jina lake lafungua kila kabati. Ajuaye ni mkuu wa ofisi. Seremala hutengeneza mlango na kufuli, lakini hakai pale kukukumbusha kufunga. Ofisi inayomtupia fundi kila kitu, kisha isimpe neno lolote la kumwongoza, imeutupa wajibu wake, na maneno "kazi ya fundi" ni kifuniko tu cha kuufichia.

Wa tatu husema, "Mashine yafanya kazi, usiiguse." Huyu ndiye mpinzani mgumu kuliko wote, kwa sababu husema kwa sauti ya uzoefu. Kumjibu, yanipasa nikukumbushe hadithi ya mji wetu. Kabla haujaitwa Eldoret, mahali hapa paliitwa 64, kwa namba ya shamba, na wenyeji wakapaita Sisibo. Wazee husimulia kuwa mwaka 1912 benki ya kwanza ilipoletwa, sefu lake la chuma lilianguka kutoka garini, nalo lilikuwa zito hata watu wakashindwa kuliinua. Basi wakaliacha pale pale lilipoanguka, wakajenga benki kulizunguka. Tunaisimulia hadithi hii kwa kicheko, na mji ule uliozunguka sefu ukakua hata ukapewa hadhi ya jiji tarehe 15 Agosti 2024. Lakini angalia: katika kila ofisi kuna sefu la namna hiyo. Kompyuta ilinunuliwa, ikatolewa katika boksi, ikawashwa. Na namna ilivyowaka siku ile, na huduma zote zilizokuwa zimewashwa na kiwanda, ndivyo ilivyobaki. Hakuna aliyeamua ziwe hivyo. Zilianguka hivyo, nasi tukajenga ofisi kuzizunguka.

Sefu lililoanguka halina madhara, kwa kuwa lina kufuli. Huduma iliyoachwa ikiwaka bila sababu ni kinyume chake. Ni tundu katika ukuta. Huduma ile ya orodha niliyokueleza iliegemea lugha ya kale ya kugawana mafaili, iitwayo SMB toleo la kwanza, ambayo asili yake ni miaka ya 1980. Watu wengi hawakuwa na haja nayo tena, lakini iliachwa ikiwaka katika mamilioni ya mashine, kwa kuwa "yafanya kazi." Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu kubwa lililoonekana katika lugha hiyo. Wengi hawakukiweka. Tarehe 12 Mei 2017 ukaja uharibifu ulioitwa WannaCry. Haukumhitaji mtu afungue barua wala abonyeze kitu. Ulipita katika tundu lile lile kutoka kompyuta hadi kompyuta, ukayafunga mafaili ya watu na kudai fidia ya dola 300 kwa kila mashine. Kwa siku chache ulifika katika nchi zipatazo 150 na kupata kompyuta zaidi ya 200,000. Huko Uingereza ulizipata hospitali, na baadaye ikakadiriwa kuwa miadi zaidi ya 19,000 ya wagonjwa ilivunjwa.

Kati ya tarehe 14 Machi na tarehe 12 Mei kuna karibu miezi miwili. Mtu aliyekuwa na miezi miwili ya kuziba ufa, asiuzibe, hawezi kusema ajali haina kinga. Kinga ilikuwapo, imewekwa mlangoni kwake, akairuka kila asubuhi akiingia kazini. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa mwaka 2017 ulijengwa kwa gharama kubwa mno. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo, katika toleo jipya la Windows 10, Microsoft iliacha kuiweka lugha ile ya kale katika mashine mpya, na huduma ya orodha iliyoitegemea ikaondoka pamoja nayo. Usidhani kuwa kesi imekwisha. Njia nyingine za kompyuta kujitangaza zimeshika nafasi yake, makabati bado hugawanywa, na mashine kuukuu hazijaondoka katika ofisi zetu. Kilichobadilika ni chombo. Nahodha ndiye bado hajapatikana.

Wa nne husema, "Kufunga ni udhalimu, wakubwa wanataka kutunyima elimu." Huyu nampa heshima zaidi ya wenziwe, kwa kuwa ana ukweli mkononi. Wako wasimamizi ambao wakipewa ufunguo huona wamepewa fimbo. Mwalimu akitafuta picha ya moyo wa mwanadamu kwa somo la biolojia, ukurasa umezuiwa. Mwanafunzi akitaka gazeti, limezuiwa. Na ukiuliza ni nani aliyeamua na kwa sababu gani, hupati jibu. Wengine hutumia usimamizi kuchungulia barua za watu. Hao hawasimamii, wanatawala, na kati ya kusimamia na kutawala pana umbali kama wa mchungaji na mwizi wa ng'ombe, ijapokuwa wote wawili huonekana wakitembea nyuma ya kundi.

Nchi yetu ina mfano wake wa ufungaji usio na busara. Mwishoni mwa mwaka 2000 makampuni ya intaneti ya Kenya yalianzisha kituo cha kubadilishana ujumbe hapa hapa nchini, kiitwacho KIXP. Kabla yake, barua iliyotoka ofisi moja ya Nairobi kwenda ofisi nyingine ya Nairobi yenye kampuni tofauti iliweza kusafiri hadi ng'ambo na kurudi, kwa gharama na kwa kuchelewa. Baada ya kama wiki mbili kituo kile kilifungwa kwa amri ya wasimamizi wa mawasiliano, kufuatia malalamiko ya Telkom Kenya, iliyodai kuwa haki ya kazi hiyo ni yake peke yake. Ilipita zaidi ya mwaka mzima kabla hakijafunguliwa tena mwezi wa Februari 2002. Huo ulikuwa mlango uliofungwa kwa faida ya mmoja na hasara ya wengi, na nitakuwa wa kwanza kuulaani.

Lakini tazama tofauti. Mlango wa KIXP ulikuwa njia ya watu wote, ukafungwa. Folda la barua za karo lilikuwa siri ya mtu mmoja, likaachwa wazi. Makosa haya mawili hayapingani. Ni ndugu wa tumbo moja, na mama yao ni kutouliza: kitu hiki ni cha nani, na nani anakihitaji? Anayeuliza swali hilo kwa haki atafungua vingi na kufunga vichache, na kila alichofunga ataweza kukieleza mbele ya watu. Msimamizi asiyeweza kueleza sababu ya kufunga, na afungue. Na mtumiaji asiyeweza kueleza sababu ya kuacha wazi, na afunge.

Wala tusidhani kuwa haya ni mapenzi ya mwalimu mmoja tu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, humpa kila mtu haki ya faragha, hata habari za jamaa yake na mambo yake ya binafsi zisifichuliwe pasipo haja. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yaenda mbele zaidi. Katika kifungu cha 41 yaagiza kwamba ulinzi uwekwe tangu mwanzo katika muundo wa kazi, wala usingojwe mpaka mtu aumie. Na katika kifungu cha 43, kwamba habari za watu zikivuja na kuwatia hatarini, mwenye kuzitunza ampashe habari Kamishna wa Data katika muda wa saa 72. Shule hazikusamehewa. Mwezi wa Septemba 2023 shule moja ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi wao. Sheria, kwa hiyo, imekwisha kusema. Kinachosalia ni watu wa kuitii kabla haijawapiga.

Utaniuliza: tufanye nini? Si mambo makubwa, wala hayahitaji fedha nyingi. Kwanza, kila ofisi na imtaje kwa jina mtu mmoja mwenye kuuangalia mtandao wake, kwa maana kazi ya wote ni kazi ya hakuna. Pili, mtu huyo na aandike katika daftari kila kompyuta iliyopo, kila huduma inayowaka ndani yake, na sababu ya kuwaka kwake. Ile isiyo na sababu na izimwe leo, na kila kiraka kipya na kiwekwe mara kinapotolewa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Tatu, vitu vya kugawana na viwekwe katika seva moja inayojulikana, na kila mtu aingie kwa jina lake na nywila yake, aone yale yanayoihusu kazi yake tu. Kompyuta za makarani ziache kujitangaza na kugawa. Nne, mtandao wa wanafunzi na wageni na utengwe na ule wa ofisi. Tano, mtu akihama au akistaafu, jina lake na lifungwe siku ile ile, bila kinyongo, kama anavyorudisha funguo za nyumba.

Na wewe mwanafunzi, ambaye huna seva wala ofisi, una sehemu yako tangu leo. Ukivinjari ukakuta mlango wa mtu u wazi, usiingie. Mlango wazi si mwaliko. Usipige picha, usimwonyeshe mwenzio, usiseme "nimeona tu." Nenda kwa mwalimu au mkuu wa ofisi ile, umwambie: "Mlango wako u wazi." Waweza kuogopa kuwa utatuhumiwa, na kwa kweli wako watu wazima wapumbavu wanaomwadhibu mleta habari. Enda na mwenzako, sema kwa adabu, na sema mapema. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 juu ya matumizi mabaya ya kompyuta huhesabu kuingia bila ruhusa kuwa kosa; haimhesabii kosa anayetoa taarifa kwa nia njema ya alichokiona kikiwa wazi mbele yake.

Yule msichana niliyekusimulia alimaliza masomo yake, na leo ni mwalimu. Nimeambiwa kuwa katika shule anayofundisha, barua za wanafunzi hukaa katika kabati lenye kufuli, na kompyuta ya ofisi huulizwa nywila kila inapofunguliwa, na wenzake hunung'unika kidogo kwamba Mwalimu ni mkali mno. Na wanung'unike. Wako watoto katika shule ile wanaolala usingizi mzuri pasipo kujua ni nani anayewalindia usingizi huo. Nawe siku moja utakalia kiti cha ofisi, na mbele yako patakuwa na kompyuta iliyoachwa kama ilivyoanguka. Usijenge maisha yako kuizunguka. Siku ile ya kwanza, kabla hujaomba chai, uliza ni milango gani iliyo wazi, na ni ya nani.